Alikurupuka, Aliponyoka, Aliachiwa

Asubuhi ile shambani tulikuwepo mimi, mdogo wangu wa kiume aliyeshika kamba ya ng'ombe, mdogo wetu wa mwisho, wa kike, aliyeleta uji, kijana mshika plau, na mama jirani aliyekuwa akidondosha mbegu za mahindi nyuma yetu. Na maksai wawili, mweusi na wa kahawia. Mwenye maksai hakuwepo. Alikuwa ametuazima akaenda zake mnadani Bunda, na kabla hajaondoka alimpapasa yule mweusi shingoni, kama mzazi anayemuaga mtoto langoni mwa shule.

Nawataja wote kwa sababu kesho yake tuliulizwa tuliona nini, na kila mmoja alikuja na neno lake.

Shamba letu liko nje kidogo ya Kiabakari, upande wa kwenda Butiama. Udongo wake ni mzuri, ila eneo zima lina mashimo ya watu wa zamani waliokuwa wakitafuta dhahabu. Mengine yalifukiwa, mengine yameota majani mpaka mgeni anaweza kupita pembeni asijue. Shimo lililo mpakani mwetu marehemu baba alilizungushia mkonge, na mkonge huo upo hadi leo. Uliwatosha mbuzi.

Mimi ndiye wa kwanza kuzaliwa. Baba alitangulia, mama akafuata nikiwa darasa la sita. Baada ya matanga shangazi alinichukua kwake Kabasa, pale Bunda mjini, nimsaidie kazi za nyumbani kwa muda, wakati ndugu wanafikiria la kufanya. Shangazi hakuwa mtu mbaya. Alinilisha, alinivisha, Jumapili tulikwenda wote kanisani. Ila ule muda haukuisha, na ndugu hawakumaliza kufikiria. Hakuna aliyeniambia kwamba sitarudi shule. Siku moja nilikuta tu sketi yangu ya shule imekatwa, imekuwa kitambaa cha kufutia meza. Nilifuta nacho meza.

Nilipopata umri wa kutosha nilirudi nyumbani. Nikawakusanya wadogo zangu, mmoja kwa mjomba, mwingine kwa bibi mdogo, tukafungua mlango wa nyumba ya wazazi, tukaanza kufagia.

Kwetu asiye na ng'ombe hawezi kulima peke yake. Mwenye maksai anatoa maksai, mwenye plau anatoa plau, mwenye nguvu tu anatoa mikono; mkimaliza kwake mnahamia kwako. Mwaka ule mimi nilitoa mikono. Nilimpalilia mwenye maksai mihogo yake yote kabla ya mvua, na zamu yangu ya kulimiwa ikafika. Utaratibu wake tunaujua tangu utoto. Ng'ombe akishavishwa nira, anayelimiwa ndiye anayemjibia. Akiumia kwa bahati mbaya, analipa mwenye shamba. Lakini akiumia kwa sababu aliyeshika kamba mbele alimwachia, analipa huyo wa kamba. Na kama ni mtoto asiye na mali, anakwenda kuchunga kwa mwenye ng'ombe. Mshahara wa mchungaji kwetu ni ndama. Mtoto atachunga mpaka ndama wake atimie, na ndama huyo hatatoka zizini, ndiye fidia. Na mtoto anayechunga kutwa nzima hana wakati wa kwenda shule. Hilo hakuna haja ya kulisema kwenye kikao, kila mtu analijua.

Haya yote nimeyakumbuka upya likizo iliyopita. Mdogo wetu wa mwisho alikuja kwangu Musoma, ninakoishi sasa, na kazi ya Kiswahili aliyopewa shuleni. Walitakiwa kutaja visawe vya neno la kuonyesha kwamba mtu au mnyama ameondoka ghafla na kwa kasi. Alikuwa amepata kuchomoka, kukurupuka, kufyatuka, kutimka na kuchupa.

"Dada, hakuna lingine?"

"Kuponyoka."

"Hilo mwalimu amelikataa. Anasema hiyo siyo mbio, hiyo ni kutoka mkononi."

Nikamwambia mwalimu yuko sawa. Nilimtazama nione kama anakumbuka chochote. Siku ile alikuwa mdogo sana. Aliendelea kutafuna kalamu.

Asubuhi ile tulikuwa tumebakiza kipande cha chini, karibu na mpaka. Jua lilikuwa bado dogo, udongo una unyevu, plau linakwenda bila ubishi. Mdogo wangu alikuwa mbele, kamba mkononi, anatembea kinyumenyume mara mojamoja ili awatazame maksai usoni, kwa sababu alikuwa akiwapenda. Mimi nilikuwa pembeni navunja mabonge ya udongo.

Kwale akaruka kutoka kwenye majani, pale pale chini ya pua ya mweusi. Aliyewahi kurukiwa na kwale anajua. Ndege yule hajitokezi, analipuka, na mabawa yake yanapiga kelele kama shuka inayochanwa. Mama jirani alisema "Yesu wangu," na kabla hajamaliza, maksai walikuwa wameshafika kwenye mkonge. Wakapita katikati yake. Kijiti cha nira kilivunjika, na hicho ndicho kilichomwokoa yule wa kahawia. Alibaki ukingoni anatetemeka, nira imemning'inia upande mmoja. Mweusi aliingia shimoni.

Hakufa. Alivunjika mguu wa mbele, na wa nyuma ulikuwa umechanwa na plau. Wanaume walikuja kutoka barabarani na kamba, wakamtoa, wakamtazama, wakatazamana. Alichinjwa hapo hapo. Majirani walikuja kununua nyama, hata wale ambao najua hawakuwa na hamu nayo, ili mwenye mali asipate hasara yote. Hivyo ndivyo tunavyofanya. Mdogo wangu hakula. Alikaa nyuma ya jiko na ile kamba mapajani.

Kesho yake mchana mwenye maksai alikuja kwetu pamoja na mama mjumbe, yaani balozi wetu wa nyumba kumi. Tulikaa uani, kati ya jiko na banda la kuku. Mama mjumbe tulimpa kigoda, mwenye maksai alikalia gunia la mbegu, wengine tulikaa chini. Mwenye maksai alihamia kwetu kutoka upande wa Bunda kwa sababu ya ndoa. Mshika plau ni mtu wa vijiji vya ziwani. Sisi ni wa hapa. Kila mtu nyumbani kwake ana lugha yake, na mambo ya ng'ombe tunayajua kwa lugha hizo. Tukikaa pamoja inabidi tuseme Kiswahili, ambacho kwetu wote tumekipata shuleni na sokoni, kwa hiyo kila mmoja alipapasa neno kama mtu anayepapasa kiberiti gizani.

Mama mjumbe alianza na mshika plau. "Haya baba, tuelezee. Maksai alitokaje?"

"Alichomoka."

"Alichomoka?" mwenye maksai akadakia. "Kwani alikuwa amechomekwa wapi?"

"Mzee, ndivyo ninavyosema, alichomoka. Mimi niko nyuma, naangalia udongo. Nikashtukia mikono haina kitu, plau linakwenda lenyewe."

"Ninyi watu wa ziwani ng'ombe mnamjua akiwa kwenye sahani. Angekuwa sangara ungemwona."

"Sangara huwaga hana nira, mzee."

Tulicheka. Mwenye maksai naye midomo ilimcheza, kisha akakumbuka kilichomleta, akainamisha kichwa.

"Mimi nasema alikurupuka," akasema mama jirani. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni kama mtu aliyekuja kufanya kazi. "Na kukurupuka siyo kosa la mtu. Hata wewe, baba, umelala zako, panya akikupita usoni si unakurupuka?"

"Nakurupuka, mama, lakini siendi kujitupa shimoni."

"Hatujui. Mkeo ndiye anajua."

"Mama, tafadhali," mama mjumbe akasema, huku naye anajizuia. "Alikurupushwa na nini?"

"Na kwale."

"Ulimwona?"

Mama jirani hakuwa amemwona. Alikuwa ameinama na mbegu zake. Alisema alimsikia, na kwamba kwa umri wake masikio yanaona kuliko macho.

Mdogo wetu wa mwisho alikuwa amekaa kati ya miguu yangu. Hakuulizwa, lakini alijibu. "Alienda fyuu!" akasema, akarusha mkono. "Halafu puu!"

Hakuna aliyecheka safari hii. Mwenye maksai alimtazama kwa muda, akasema, "Umesema kweli, mama," kwa sauti ya chini, kama anaongea na mtu mzima.

Mshika plau aliona mambo yanaelekea wapi, akajaribu tena kusaidia. "Na dogo alikuwa ameshika vizuri, mimi shahidi. Alimponyoka tu. Nguvu za mtoto na nguvu za maksai ni wapi na wapi? Hata mimi angeniponyoka."

Hapo mwenye maksai aliomba ile kamba. Mdogo wangu akaileta, akarudi kukaa.

"Kamba hii nimeisuka mimi kwa mkonge," mwenye maksai akasema. "Mwisho wake, mnaona, nimeweka fundo. Nimeliweka kusudi, isimtoke mtu. Ukiwa umekaza, ng'ombe akivuta, fundo linakuja linakwama hapa kiganjani. Likipita kwa nguvu linaondoka na ngozi. Mimi imeshanichuna, naijua. Sasa mtoto, njoo. Nionyeshe mikono."

Mdogo wangu akaenda, akanyoosha mikono. Ilikuwa na udongo uliokauka na wino wa kalamu. Hakukuwa na mchubuko.

Mwenye maksai hakupiga kelele. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu nimewahi kusikia watu wakimsimulia vibaya. Aliishika ile mikono, akaigeuza juu na chini, akaiachia taratibu.

"Mimi simchukii huyu," akasema. "Wala sijasema apigwe. Nasema aje kwangu. Atakula kwangu, atavaa, nina watoto wenzake pale wa kucheza nao. Huyu binti analea watu wawili, na yeye mwenyewe analelewa na nani? Mtoto akija kwangu, na yeye atapumua. Ni kwa muda tu, mpaka deni liishe."

Watu walikubaliana naye. Nilimwona hata mama jirani akiitikia kwa kichwa polepole, na yeye ndiye aliyetupenda kuliko wote. Lilikuwa jambo la huruma kweli. Mwanaume mwingine angedai shamba. Lakini mimi niliposikia "kwa muda tu" niliikumbuka ile sketi.

Mama mjumbe akamgeukia mdogo wangu. Alimwinamia kidogo, na swali alilipanga vizuri, jibu analolitaka akaliweka mbele. "Mwanangu, sema usiogope. Kamba ilikuponyoka, au uliiachia?"

Mdogo wangu akanitazama. Sikumpa ishara yoyote. Sikuwa nayo.

"Niliachia," akasema.

Mshika plau akajipiga paja. "Dogo!"

"Si ndiyo? Niliachia."

Nikaomba kusema. Mama mjumbe akanijibu kwamba kweli nilikuwa bado sijaulizwa, zamu sasa ni yangu, basi niseme, ila nifuate mpangilio, nisianze mwisho. Nikawaeleza kama nilivyoona. Kwale aliruka, nilimwona, alikwenda upande wa mkonge akatua. Mweusi alikurupuka: alitupa kichwa juu, akachupa kwa miguu yote. Yule wa kahawia hakukurupuka, alivutwa tu na nira. Plau likafyatuka kutoka kwenye udongo, likampiga mweusi mguu wa nyuma, na hapo ndipo maumivu yalipoongezeka juu ya hofu. Alichomoka baada ya kupigwa na plau, siyo kabla. Kwa hiyo mshika plau hajadanganya; yeye aliona kipande hicho. Mama jirani hajadanganya, alisikia kipande cha kwanza. Mdogo wangu alikuwa amekaza kamba wakati mweusi anakurupuka. Alipochomoka, aliiachia. Ndipo wakatimka wote wawili.

"Na aliiachia kwa sababu mimi nilimfundisha aiachie," nikasema.

Mwenye maksai akainua uso.

Nikawaambia habari za kijana mmoja wa Kabasa. Tulikuwa tunachota maji naye bomba moja, karibu na kwa shangazi. Alikuwa anabeba ndoo kwa kiwiko. Vidole vya mkono wa kulia viliondoka akiwa mtoto, siku alipozungusha kamba ya maksai mkononi ili asionekane mzembe, na maksai wakakimbia. Kwetu watoto wote wa mbele wanazungusha kamba hivyo. Wanasifiwa kwa hilo. Wanaambiwa huyu ameshika kama mwanaume. Kijana yule hakuwa mtu wa kulalamika, ila aliniambia kwamba alisikia watu wote shambani wanapiga kelele "Shika! Shika!" na hakuna hata mmoja aliyesema "Achia." Kwa hiyo asubuhi ya kwanza mdogo wangu alipopewa kamba, nilimvuta pembeni nikamwambia asizungushe hata mara moja, na maksai wakitoka, afungue mkono. Asifikirie ng'ombe ni wa nani. Afungue tu.

"Kwa hiyo ulimfundisha kuachia ng'ombe wangu," mwenye maksai akasema.

"Nilimfundisha kuachia kamba, baba."

"Si kitu kimoja?"

"Jana kilikuwa kitu kimoja. Ndiyo maana nasema mlipaji ni mimi. Shamba ni langu, na maneno aliyoyafuata ni yangu."

"Angeshika kidogo tu. Kidogo tu, binti! Yule mweusi alikuwa anasikia. Ukimkaza anasimama."

"Inawezekana, baba."

"Siyo inawezekana. Nakwambia mimi niliyemfundisha." Na akaanza kutusimulia, bila kuulizwa, jinsi alivyomfungia gogo akiwa bado mdogo, akawa anamkokotesha kandokando ya barabara ya Musoma, watoto wanamfuata wanamzomea, wanamwambia mzee amenunua gari lisilo na magurudumu. Alisema yule mweusi hakuwaga na tabia ya kukurupuka. Honi za malori zilikuwa zinampita anatafuna. "Kwale," akasema. "Ndege wa kula." Akageukia ukuta wa jiko, akavua kofia, akajifuta nayo uso. Mama jirani alisogea, akakaa karibu naye.

Nilimwambia pole. Nilikuwa nimeshamwambia jana yake jioni, aliporudi kutoka mnadani, lakini naona ya kwanza hakuisikia.

Alipotulia, mama mjumbe akamuuliza kama amesikia kwamba mwenye shamba anakubali kulipa. Akasema amesikia. "Atanilipa na nini? Anionyeshe mbuzi mmoja hapa. Atanilipa kwa dagaa?"

"Hata kama ni kwa dagaa," nikasema.

"Usicheke, mzee," mshika plau akasema. "Kwetu dagaa wameshajenga nyumba za bati."

"Na mtoto?" mama mjumbe akaniuliza.

"Mtoto Jumatatu anakwenda shule."

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa. Mwenye maksai aliweka sharti moja, na nililiona la haki. Hakutaka mtamba, wala hakutaka kulipwa kidogokidogo. Ng'ombe wa maziwa hamlimii mtu, na yule wa kahawia peke yake ni kama kiatu cha mguu mmoja. Alitaka maksai wa kuvaa nira pamoja na wa kahawia, akubaliane naye, atembee. Siku huyo akimaliza mstari mmoja wa shamba bila kugombana, deni limekwisha. Kabla ya hapo, hapana. Tukashikana mikono. Aliondoka na kamba yake.

Mimi nikahamia Musoma. Nilipanga chumba Kigera, nikaanza kwa kuwaanikia wenzangu dagaa kule ufukweni, baadaye nikanunua wangu kwenye mitumbwi, nikawa napeleka magunia Bunda na Kiabakari siku za soko. Dagaa ni kazi ya kutazama juu. Wingu likitokea upande wa ziwa, wanawake wote mnakurupuka kutoka mlipokaa, mnakunja nyavu za kuanikia mbio, na anayechelewa anabaki na harufu. Wadogo zangu walibaki nyumbani, mama jirani akiwaangalia. Nilikuwa nafika kila nikileta mzigo Kiabakari. Nilikuta madaftari yapo, sare imefuliwa, imetundikwa. Kitu cha kwanza kuangalia nikiingia kilikuwa hiyo sare.

Ndama nilimpata mnadani Bunda, dume wa madoa, na mwenye maksai mwenyewe alinisindikiza kumchagua. Alimkataa wa kwanza kwa sababu ya kwato, akamkataa wa pili kwa sababu ya macho. "Huyu anaangalia pembeni sana," akasema. Yule wa madoa aliposhikwa nundu hakushtuka. Tukamleta nyumbani kwetu. Mdogo wangu ndiye aliyemtunza, asubuhi kabla ya shule na jioni akirudi, na alipofikia umri wa kuhasiwa alikwenda kumwita mganga wa mifugo yeye mwenyewe.

Sasa dume huyo amekua mwili, ila nira hajaijua. Mvua zilizopita tulijaribu. Mwenye maksai alimleta wa kahawia, tukawafunga pamoja, mdogo wangu akasimama mbele. Wa kahawia alimnusa mwenzake, akamchoma pembe ubavuni. Wa madoa akalala chini. Hakukimbia, hakuruka, alilala tu na nira yake kama mtu aliyefika kwake.

"Huyu amekuja kupumzika," mwenye maksai akasema, na alicheka, akacheka mpaka akaegemea plau. Tangu mweusi afe sikuwahi kumsikia akicheka hivyo mbele yangu. Lakini msimu huo ilibidi aazime maksai wa mtu mwingine ili alime, na yeye sasa ndiye aliyepalilia mihogo ya watu. Nilimkuta siku moja kwenye shamba la mwenzake, jembe mkononi, katika umri ule. Nikamwamkia, akaitikia vizuri, akaniulizia bei ya dagaa. Nilitembea mpaka barabarani sijui kama nilipita njia au nilipita majanini.

Jioni ile mdogo wangu aliniambia ana wazo. Yuko sekondari sasa, sauti imekuwa nzito, na akiongea anatazama chini kama alivyokuwa akifanya baba.

"Dada, nisimame shule mwaka huu mmoja. Nikishinda naye kutwa, huyu wa madoa atajua kazi. Jumamosi pekee hazitoshi. Halafu nitarudi."

"Utarudi lini?"

"Akishajua."

"Na asipojua?"

"Atajua tu."

"Mfundishe Jumamosi," nikamwambia.

"Dada, mzee anapalilia mashamba ya watu."

"Nimemwona. Mfundishe Jumamosi."

Nilijua anahesabu kichwani mambo yale yale ninayoyahesabu mimi: mzee anazeeka, wa kahawia naye anazeeka, na tukichelewa sana hatutakuwa na wa kumfunga pamoja na huyu wetu. Nikaenda kwa mwenye maksai mwenyewe, nikamweleza kwamba mtoto hatasimama shule, na kwa hiyo yeye mzee atasubiri. Nilitegemea maneno makali. Aliniambia niketi, mkewe akaleta viazi. Tulikula. Mwishoni akasema anajua, kwamba mtoto alishapita kwake kumwomba ruhusa, naye akamfukuza akasome.

Gogo la kufundishia alilipeleka kwetu yeye, kwenye baiskeli, lile lile alilomfungia mweusi. Kila Jumamosi mdogo wangu anamkokotesha wa madoa kutoka nyumbani mpaka njia panda na kurudi. Kamba ameishika kwa mkono ulionyooka, bila kuizungusha. Wa madoa anatembea vizuri akiwa peke yake. Akimwona wa kahawia kwa mbali, anasimama, na hakuna wa kumsogeza.

Wiki iliyopita mzee alikuja kumwangalia. Alimshika shingo, akamkandamiza mabega kwa viganja vyote viwili, akamzunguka.

"Bado, binti," akasema.

"Mvua hizi?"

"Hizi hapana. Labda zijazo."

Nikamfungia dagaa wa kwenda nao nyumbani, na nilimwambia tena, asije akadhani nao wamo kwenye malipo, kwamba hao ni wa mboga tu. Deni bado lipo pale pale.